Kwa Mujibu wa Kifungu

Kwa heshima na taadhima, na kwa moyo uliolemewa na uzito wa wajibu, wasomaji wote popote walipo wanatangaziwa kwamba sayansi ya kuzeeka kwa binadamu ilipiga hatua kubwa mno katika shule moja ya bweni ya wasichana, siku ya Ijumaa, saa nne na dakika kumi asubuhi. Hatua hiyo ilichapwa kwenye karatasi moja, ikabandikwa kwa pini nne kwenye ukuta wa baraza lililo kati ya bwalo la chakula na chumba cha kufulia.

Mtaalamu aliyeipiga hatua hiyo alikuwa na miaka kumi na sita. Muhula uliopita alipata thelathini na nane katika Biolojia, tena msahihishaji akiwa amemhurumia. Wakati dunia ikipokea ugunduzi wake, yeye alikuwa amechuchumaa nyuma ya tangi la maji, amejiziba mdomo kwa sweta, anacheka mpaka machozi.

Wenzake walimwita Spika, kwa sababu akinong'ona bwenini, bweni la pili huitikia. Na ili asionewe, ni haki ieleweke jinsi karatasi ile ilivyofika mikononi mwake.

Mwalimu wa Kiingereza, ambaye wasichana walimwita Mwalimu Nukta kwa kuwa hajawahi kumsamehe mtu aliyesahau kuweka nukta, alikuwa na desturi yake. Kila Ijumaa hubandika barazani kifungu cha ufahamu, na chini yake maswali kumi: matano ya kupima kama umeelewa, matano ya sarufi. Muhula ule vifungu vyote vilihusu sayansi ya kuzeeka. Alisema watoto wa siku hizi wanadhani uzee ni ajali inayowapata watu wazembe. Kifungu cha kwanza kilieleza kwamba ndani ya seli zetu mna nyuzi zenye vikofia nchani, mfano wa vile vibati vya ncha za kamba za viatu, na kwamba vikofia hivyo hupungua kadiri seli zinavyogawanyika. Cha pili kilihusu ngozi. Cha tatu kilisema watu wazima hupimwa kwa kusimama mguu mmoja kwa sekunde kumi, na wiki nzima kidato cha tatu walikula chakula wakiwa wamesimama kama korongo.

Chini ya kila kifungu, kwa herufi kubwa, Mwalimu Nukta aliweka amri moja: JIBU KWA MUJIBU WA KIFUNGU.

"Hata kifungu kikisema mbuzi hutaga mayai," alizoea kusema, "ukiulizwa mbuzi hufanya nini, unajibu hutaga. Maoni yako kuhusu mbuzi nenda nayo nyumbani."

Basi ikatokea kwamba goti la Mwalimu Nukta likagoma. Daktari akampa wiki mbili. Kabla hajaondoka akamwita Spika ofisini na kumkabidhi bahasha yenye vifungu viwili, kimoja kwa kila Ijumaa.

"Mbona mimi, Mwalimu?"

"Kwa sababu Kiingereza chako ndicho kizuri kuliko chote kidatoni. Na kwa sababu ukiwa umeshika bahasha, mkono mmoja unakuwa na kazi. Unabaki mmoja tu wa kuchungwa."

Mwalimu alikosea hesabu. Ule mmoja ulitosha.

Wiki hiyohiyo Makamu, yaani mwalimu mkuu msaidizi, alikuwa amefuta sinema ya Jumamosi kwa sababu ya sketi iliyopatikana juu ya mlingoti wa bendera. Makamu alikuwa mama wa miaka hamsini na saba, mwenye kujisifu kwamba akiona sura mara moja haimtoki. Sketi haikuwa na sura, lakini ilikuwa na namba ya sanduku, na namba ilikuwa ya Spika. Akaandikiwa onyo la mwisho: kosa moja tena, begi na geti. Mtu mwingine angetulia. Spika alikwenda kwenye chumba cha kompyuta.

Kifungu alichokitoa humo kilikuwa cha Kiingereza kilichonyooka, cha kitaalamu, chenye herufi zilezile, maswali kumi kama kawaida, na ile amri ya herufi kubwa chini. Kilianza hivi: kwa heshima kubwa na moyo mzito, wanasayansi wanapenda kutangaza kwamba sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya hufungwa mtu anapotimiza miaka hamsini na mitano, kama duka lifungwavyo jioni. Kikaendelea kusema kwamba yale ambayo mtu huyo huonekana kujifunza baada ya hapo ni mwangwi tu wa mambo ya zamani. Kwamba wahusika wengi hubisha wanapoambiwa, na kwamba kubisha huko ndiyo dalili ya kwanza. Kwamba jamaa wenye upendo wasiwachoshe, bali wawaondolee vitabu kwa upole na kuwasogezea kiti.

Kwa siku tano shule ilikuwa peponi. Jumatatu, Makamu aliposimama mbele ya gwaride la asubuhi, wasichana wawili wa kidato cha kwanza walimletea kiti.

"Cha nini hiki?"

"Upumzike, Mwalimu."

"Nimechoka nani kawaambia? Ondoeni!"

Na safu nzima ikanong'ona kwa huruma: "Dalili ya kwanza."

Siku hizo Makamu hakujua kilichokuwa kikiendelea. Yeye hakusoma mabango ya barazani. Alisema yanamharibia macho. Spika alitembea siku hizo kidevu juu, akipokea vipande vya mkate kutoka kwa mashabiki. Kuna binadamu mmoja tu ambaye hakumpitia akilini alipokuwa akiandika, na binadamu huyo alikuwa akifanya kazi hatua kumi na mbili kutoka ukuta ule.

Chumba cha kufulia kilikuwa na masinki manne ya saruji, meza ndefu ya kupigia pasi iliyofunikwa blanketi lililoungua pembe moja, na kamba za kuanikia zilizotoka mlangoni mpaka uani. Mkuu wake alikuwa mama mmoja wa miaka hamsini na sita ambaye shule nzima ilimwita Mama Foronya. Mashuka aliyahesabu mara moja. Foronya alizihesabu mara tatu, kwa sababu alisema shuka likipotea limepotea, ila foronya ikipotea ujue kuna msichana anayebebea humo kitu. Vidole vyake vilikuwa vimepasukapasuka kwa sabuni na dawa ya kung'arishia nguo, mipasuko midogo iliyofunguka upya kila asubuhi alipotumbukiza mikono majini.

Spika alikuwa mwenyeji humo. Adhabu zake nyingi zilikuwa za kukunja mashuka, kila Jumatano alasiri, na mtu hawezi kukunja shuka peke yake. Anashika pembe mbili, wewe pembe mbili, mnasogeleana, mnaachana, mnasogeleana. Katika kusogeleana huko Mama Foronya aligundua kwamba mtoto huyu mtundu anajua Kiingereza, na Spika akagundua kwamba mama huyu, kila Ijumaa wasichana wakiingia madarasani, hutoka barazani na daftari na kunakili kifungu chote, neno kwa neno, akiwa amesimama.

Nafasi ya msaidizi wa matroni ilikuwa wazi. Ilikuwa kazi ya ndani, ya mikono mikavu: kugawa dawa kwa wagonjwa, kusoma vibandiko vya chupa, kuandika ripoti ya bweni. Vyote kwa Kiingereza. Matroni alimtaka Mama Foronya, wasichana walimtaka, na ofisi ilisema sawa, alete cheti cha Kiingereza cha elimu ya watu wazima. Mtihani ulikuwa Jumamosi ya wiki ileile ambayo goti la Mwalimu Nukta lingerudi kazini. Mwalimu alimwazima kamusi yake. Spika akawa msahihishaji. Mama alianza kwa kupata mawili juu ya kumi, akapanda manne, akapanda saba, na kwenye saba akakwama wiki sita.

"Zile sentensi za 'ningelifanya hivi, ningelipata vile' zinanitoa roho," alisema siku moja, shuka likiwa katikati yao. "Mtu ameshakosa, amekosa. Kwa nini aanze kumsimulia mwalimu?"

"Ndiyo sarufi, mama."

"Sarufi au umbea?"

Sasa Jumatano baada ya ule ugunduzi mkubwa, Spika aliingia kufulia akipiga mluzi. Adhabu hakuwa nayo. Alikuja kwa mazoea. Akamkuta Mama Foronya anapiga pasi sketi za mazoezi, kwa taratibu kuliko kawaida.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Daftari liko pale juu ya kapu. Sahihisha, halafu kaa nalo. Kurasa zilizobaki utaandikia mambo yako."

Spika alicheka, akidhani ni utani. Akafungua daftari. Mwandiko wa Mama Foronya ulikuwa wa kukandamiza. Ukipitisha kidole nyuma ya ukurasa unausoma. Kile kifungu kilikuwa pale, chote, kimenakiliwa bila kuacha hata koma. Na majibu.

Swali la kwanza: kwa mujibu wa kifungu, ubongo huacha kupokea mambo mapya katika umri gani? Miaka hamsini na mitano. Sahihi. La nne: mtu aliyepita umri huo hushauriwa nini? Aache vitabu na apumzike. Sahihi. La nane lilikuwa la zile sentensi za ningeli. Spika alikuwa amelitunga kwa makusudi liwe baya, ili kidato cha tatu kiugue. Mama Foronya alikuwa ameandika: kama angelianza mapema, angelijifunza. Sahihi, na nukta mwishoni.

Kumi juu ya kumi, kwa wino mwekundu.

Spika akazihesabu alama upya.

"Mama," alisema, "umepata zote."

"Najua. Nilizirudia mara mbili." Pasi ikapita juu ya mkunjo, ikarudi. "Nimefurahi kumaliza na kumi. Basi, yatosha."

"Yatosha nini? Mtihani si Jumamosi hii?"

"Siendi. Ijumaa nikitoka kazini nitapita kituo cha mtihani wafute jina, mtu mwingine apewe hicho kiti. Nina hamsini na sita, mwanangu. Nimefika dukani mwaka mzima baada ya kufunga, nabisha hodi tu. Ndiyo maana nilikuwa nakwama kwenye saba. Nilidhani mimi mvivu, kumbe ni sayansi."

"Lakini umepata kumi! Aliyefungiwa duka anapataje kumi?"

Mama Foronya akatabasamu, tabasamu la mtu anayemhurumia mtoto. "Hukusoma vizuri wewe. Aya ya pili: anachoonekana kujifunza ni mwangwi."

"Si kila mtu! Wengine hawako hivyo, mama, wewe hauko hivyo!"

"Aya ya tatu: wahusika hubisha. Mimi sibishi. Naona wewe ndiye unayebisha, na hata miaka ishirini huna."

Kila mlango ambao Spika alitaka kuutorokea, alikuta ameshaupigilia misumari mwenyewe, kwa Kiingereza kizuri. Alikuwa ameandika uongo ule kwa bidii ambayo hakuwahi kuiweka katika somo lolote, na sasa bidii ile ilikuwa imekaa kwenye kapu la nguo inamtazama.

"Labda kifungu kimekosea," alisema kwa sauti ndogo. Kwa Spika, sauti ndogo ni jambo la kuandikwa katika historia.

"Kifungu hakikosei. Mwalimu wenu mwenyewe ameandika pale chini. Jibu kwa mujibu wa kifungu." Akaisimamisha pasi wima. "Tena alinijali, akaandika mapema nisije nikaaibika mbele ya wale wasimamizi. Shika hizo pembe mbili tukunje."

Wakakunja. Waliposogeleana Spika aliona macho ya mama yule yamevimba kidogo chini, akaangalia shuka.

Hapo, msomaji, angeweza kusema. Sentensi moja tu ilitosha: mama, nilikitunga mimi. Sentensi fupi, kiima na kiarifu, hata Mwalimu Nukta asingekuta pa kutia wino mwekundu. Lakini begi na geti vilisimama mbele ya macho yake. Nyuma ya geti aliwaona baba yake na shangazi yake wamekaa kimya sebuleni, wanamsubiri. Sauti yake ikakatika kama umeme.

Badala ya ujasiri akatumia akili, ambayo ni bidhaa ya bei nafuu zaidi. Kifungu halisi alikuwa bado nacho, kwenye bahasha, chini ya godoro. Alikisoma kwa mara ya kwanza, amekaa sakafuni kati ya vitanda. Kilikuwa kinasema kinyume kabisa. Kilisema kwamba kasi ya kukumbuka hupungua ndiyo, jina la mtu linaweza kugoma ulimini, lakini ubongo huendelea kutengeneza njia mpya unapofundishwa. Kwamba akiba ya maneno ya mtu huweza kuendelea kukua mpaka miaka ya sitini na zaidi. Na kwamba mwanafunzi mzee huhitaji muda zaidi, lakini huruma haimsaidii. Spika akakibandika Ijumaa asubuhi kabla ya kengele, kwa pini zilezile nne, na kile chake akakichana vipande akavitupa chooni. Akaona ametengeneza.

Saa nane mchana alikuwa mlangoni pa kufulia, anahema.

"Mama, umeona barazani? Kifungu kipya! Kinasema duka halifungwi!"

Mama Foronya alikuwa anakunja aproni yake. Kamusi ya Mwalimu Nukta ilikuwa mezani, imefungwa kwa gazeti ili isichafuke njiani, na kando yake lile daftari ambalo Spika hakulichukua.

"Nimekiona."

"Sasa?"

"Sasa nini? Ijumaa iliyopita limefungwa, Ijumaa hii limefunguliwa. Hiyo sayansi au kibanda cha nyanya?" Hakukasirika, ndiyo iliyokuwa mbaya. "Mwanangu, mimi si mjinga. Jumatano uliniona macho yamevimba. Alhamisi ukanizungukazunguka hapa kama kuku. Ijumaa linatokea karatasi la kuniliwaza. Umekaa ukaniandikia maneno matamu kwa Kiingereza kizuri, na Mungu akubariki kwa hilo. Una moyo mzuri. Lakini siendi kwenye mtihani kwa huruma ya mtoto."

Uongo wa Spika ulikuwa umeaminiwa neno kwa neno, na ukweli, siku ulipofika, ukashukiwa kuwa ni kazi yake. Na juu ya hayo akawa amesifiwa moyo mzuri. Hakuna kofi alilowahi kupigwa lililomuuma kama sifa ile.

Ndipo wakasikia mkongojo barazani. Ko. Ko. Ko.

Spika hakufikiri. Alitoka kwa mlango wa uani na kujitumbukiza nyuma ya shuka lililoanikwa karibu na dirisha.

"Hodi humu!" Mwalimu Nukta aliingia akivuta mguu, akajishusha juu ya kapu lililopinduliwa. "Mama, nimerudi leo, na jambo la kwanza ninaloambiwa getini ni kwamba unafuta jina. Umepatwa na nini?"

"Pole na goti, Mwalimu. Kamusi yako hii hapa. Nimeitunza." Sauti ya Mama Foronya ilikuwa ya heshima, ya mtu anayeaga. "Na ahsante kwa kile kifungu. Nilikuwa sijui."

"Kifungu kipi?"

"Cha duka."

Ikasikika sauti ya kurasa za daftari. Spika alihesabu nguo zote zilizokuwa kambani, akazihesabu tena. Soksi arobaini na tatu. Moja haikuwa na mwenzake.

"'Kwa heshima kubwa na moyo mzito,'" Mwalimu Nukta akasoma taratibu, "'wanasayansi wanapenda kutangaza.'" Akairudia sentensi hiyo, safari hii kama mtu anayeonja chumvi. "Nimefundisha miaka thelathini na mmoja. Sijawahi kukutana na mwanasayansi mwenye moyo mzito. Lakini moyo huu naujua. Moyo huu uliniandikia barua ya kuomba radhi kwa dirisha lililovunjika. Moyo huu ulibandika bwaloni tanzia ya paka wa jikoni, na paka yule mpaka leo yuko hai na amenona." Mkongojo ukagonga sakafu. "Mama, hilo shuka la tatu pale nje, kwa kawaida huwa na miguu?"

Shuka likashuka polepole. Nyuma yake alikuwa Spika, ameshika pembe mbili, kama anayesubiri mtu wa kukunja naye.

"Sogea," alisema Mwalimu Nukta. "Swali la kwanza. Kifungu hiki kimeandikwa na nani?"

"Mimi, Mwalimu."

"Sentensi kamili."

"Nimekiandika mimi, Mwalimu." Akamgeukia Mama Foronya, na hapo maneno yakatoka bila mpangilio wala nukta. "Mama nilikitunga sio sayansi hakuna mwanasayansi aliyesema hivyo nilitaka kumcheka Makamu kwa ajili ya sinema, hiki cha leo ndicho cha Mwalimu, ndicho cha kweli, sikukiandika mimi, naapa, mimi nisingeweza kuandika kitu kizuri hivyo."

Mama Foronya alimgeukia. Maji yalidondoka kwenye sinki la mwisho.

"Ulipokuwa unaandika," aliuliza, "ulikuwa unaniwaza mimi?"

"Hapana, mama! Haki ya Mungu! Sikukuwaza kabisa."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Miezi minane tunakunja mashuka pamoja."

Spika alidhani amejitetea, kumbe amejishtaki kwa kosa jingine, kubwa kuliko la kwanza.

Mama Foronya akachukua daftari kutoka mkononi mwa mwalimu. Akalifungua kwenye ukurasa ule, akapitisha kidole kilichopasuka juu ya ile alama nyekundu. "Kwa hiyo siku saba sijashika kitabu, kwa sababu ya mtoto ambaye hata soksi zake anafulia sabuni ya vyombo." Kisha, polepole zaidi: "Na hii kumi, Mwalimu? Nayo ya uongo?"

"Lete nione." Mwalimu Nukta akavaa miwani, akatoa kalamu yake nyekundu, na akasahihisha upya, swali baada ya swali, midomo ikicheza. Alikaa kwenye la nane kwa muda mrefu. "Mama," alisema mwishowe, "kifungu ni cha uongo mtupu. Lakini kimeandikwa na mtoto anayependa maneno makubwa, na ni kigumu kuliko chochote watakachokuwekea kesho. Wewe umekielewa chote, peke yako, umesimama barazani. Mwandishi ni mwongo. Majibu ni yako." Akaandika kumi nyingine chini ya ile ya kwanza, akaizungushia duara.

Mama Foronya alikaa kwenye kiti cha kushonea, akafunga daftari, akalifungua. Kisha akaanza kucheka bila sauti, mabega yakitikisika, na haikujulikana vizuri kama kilikuwa kicheko peke yake.

"Kesho saa ngapi?" aliuliza.

"Saa tatu kamili."

"Na sasa ni saa tisa kasoro." Akafungua gazeti lililofunika kamusi. "We mtoto. Nenda ukatoe kile kifungu cha kweli pale ukutani, ulete hapa. Utakisoma kwa sauti, hiyo sauti yako iliyokuletea jina, mimi napiga pasi nasikiliza. Tena usinisomee kama unamsomea mgonjwa."

"Ndiyo, mama."

"Sijakusamehe. Nakutumia."

"Ndiyo, mama."

Walisoma mpaka saa kumi na moja. Kisha Mwalimu Nukta akampeleka kwa Makamu, na huko kulikuwa na maneno ambayo hayafai kuwekwa kwenye maandishi ya heshima. Begi halikufungwa, kwa kuwa Mama Foronya alituma ujumbe kwamba mtoto bado anahitajika kufulia, Jumatano na Ijumaa, mpaka mwisho wa mwaka. Jumamosi asubuhi, kutoka dirisha la bweni, Spika alimwona akitoka getini na sketi yake nzuri iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikakata hewa, penseli mbili kwenye mkoba, midomo ikicheza peke yake. Majibu ya mtihani hayajatoka mpaka leo.

Adhabu ya Mwalimu Nukta ilikuwa ndogo na ya kisarufi. Spika aandike habari hii yote, mwanzo mpaka mwisho, na asitumie neno "mimi", kwa sababu, alisema mwalimu, ukisema mimi utaanza kujihurumia.

Habari imeandikwa, ikapelekwa ofisini. Mwalimu alisoma mstari wa kwanza tu, ule wa heshima na taadhima na moyo uliolemewa. Akaupigia mstari mwekundu, na pembeni akaandika maneno matatu: Moyo huu naujua.

Basi. Sketi ya mlingotini ni yangu, na kifungu ni changu, na siku saba za Mama Foronya nilizichukua mimi. Spika ni mimi.